Miaka Yangu na Tumbusi wa Nyansurura

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kujitolea niliifanya nikiwa nimevaa buti za kuazima. Zilikuwa kubwa kwangu, nikazijaza magazeti mbele ili zisinivuke. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, mhudumu wa josho la ng'ombe pale Nyansurura, na katika maisha yangu yote sikuwa nimelinda kitu zaidi ya mifugo yangu na shamba langu la mtama. Chama chetu cha kuhifadhi mazingira kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Mugumu, nyuma ya karakana ya Salumu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye alitupa chumba kile bila kodi kisha akaamua na yeye kuwa mwanachama. Wengine walikuwa wakulima na wafugaji. Hakuna aliyelipwa. Mwenye nafasi alitoa siku moja kwa wiki, asiye na nafasi alitoa moja kwa mwezi.

Mimi niliingizwa na Mratibu. Alikuwa mama wa Tarime, mwalimu mstaafu wa jiografia, mfupi, mwenye sauti ya kufundishia hata alipokuwa anaomba chumvi. Alikuja joshoni kwetu siku ya kuogesha, akakaa kwenye jiwe kuanzia asubuhi mpaka ng'ombe wa mwisho akatoka majini. Kisha akanijia akaniuliza ninajuaje dawa imepungua nguvu. Nikamwambia kwa harufu. Akacheka kidogo, akasema anahitaji mtu mwenye pua na mwenye subira ya kusimama juani. Jumamosi iliyofuata nikawa Ikoma.

Ikoma kulikuwa na Mkuu wa Doria. Ndivyo tulivyomwita, ingawa doria yenyewe ilikuwa na watu saba. Alikuwa askari wa wanyamapori aliyestaafu, mwenyeji wa pale, mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa. Kazi yake ilikuwa kutufundisha kuondoa mitego ya waya kwenye ardhi ya kijiji, nje ya mpaka wa hifadhi. Mtego wa waya ni kitanzi tu. Mtu anachukua waya wa tairi lililochomwa, anaukunja, anaufunga kwenye mti kwa urefu wa shingo ya mnyama, halafu anaondoka. Kitanzi hakichagui. Kinakamata nyumbu, twiga, fisi, hata ndama wa ng'ombe aliyepotea.

Tulitembea tukiwa tumepangana upande kwa upande, hatua kumi kati ya mtu na mtu. Huo uliitwa mstari wa ufagio, kwa sababu unafagia pori lote bila kuacha ukanda. Nilipita mtego wa kwanza bila kuuona. Mkuu wa Doria akaniita nirudi, akanionyesha. Ulikuwa karibu na bega langu.

Akaniambia, "Usitafute waya. Tafuta mahali ambapo ungepita kama ungekuwa nyumbu."

Nilijaribu. Nikaanza kuona kwamba pori lina njia zake, kwamba mnyama hupita pale kichaka kinapoachana na kichaka, na hapo hapo ndipo mwindaji huweka kitanzi. Kufika saa sita nilikuwa nimekata mitego minne kwa koleo la Salumu. Nilijiona mtaalamu.

Mchana tukapanda kwenye mwinuko kula. Ndipo nikasikia kitu ambacho kwanza nilidhani ni lori likija kwa mbali. Nyumbu walikuwa wanapita. Nimezaliwa wilaya hii, niliwahi kuwaona nyumbu makundi kwa makundi nikiwa mtoto, lakini sikuwahi kukaa chini nikawatazama kama mtu asiye na shughuli nyingine. Hawakuwa na mwanzo wala mwisho. Walitokea kusini kwenye vumbi na kuingia kaskazini kwenye vumbi, na ardhi niliyokalia ilitetemeka mpaka nikaisikia kwenye meno. Mkuu wa Doria alivua kofia akaiweka magotini. Alikuwa ameyaona hayo kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Nilimuuliza kama hajazoea bado. Alisema siku atakayozoea atarudi nyumbani akalime mihogo.

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi hiyo ya mitego, na ndiyo iliyonipeleka kwa ndege. Tulipokuwa porini, mara nyingi tulijua kuna mnyama amenaswa kwa kuona tumbusi wakishuka. Mimi, kama watu wengi wa kwetu, nilimwona tumbusi kuwa ndege mchafu. Kichwa hakina manyoya, shingo kama ya mzee aliyekonda, na anaingiza kichwa mahali ambapo hata mbwa anafikiria mara mbili. Nilikuwa nikiwafukuza kwa mawe.

Mratibu aliniona nikirusha jiwe siku moja. Hakunigombeza. Alinikalisha chini, akanipa darubini yake, akaniambia nitazame juu kwa nusu saa nimweleze ninachokiona. Nikaona tumbusi mmoja, mbali sana, mdogo kama punje ya ulezi. Baadaye nikaona mwingine, mbali na yule. Kisha mwingine tena. Kila mmoja alikuwa peke yake katika eneo lake la anga, na kati yao kulikuwa na nafasi kubwa kama kati ya kijiji na kijiji. Mratibu akanieleza kwamba hawatazami ardhi peke yake. Wanatazamana. Mmoja akiona chakula, anashuka. Jirani yake anaona pengo, anaelewa, anafuata. Jirani wa jirani anafanya vivyo hivyo. Kwa muda mfupi habari ya mzoga mmoja inakuwa imesafiri angani mwendo ambao mimi ningetembea siku mbili.

Halafu akaniambia jambo la pili, na hili lilinigusa zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Akasema tumbo la tumbusi lina tindikali kali kiasi kwamba vijidudu vingi vinavyoua ng'ombe vinafia humo. Mzoga wa mnyama aliyekufa kwa kimeta ukiachwa, ugonjwa unabaki kwenye udongo. Tumbusi wakiumaliza mapema, sehemu kubwa ya hatari inaishia kwao. Mimi nilikuwa nimetumia ujana wangu wote kwenye josho nikikinga ng'ombe wasipate magonjwa, na kumbe juu ya kichwa changu kulikuwa na wahudumu wenzangu ambao nilikuwa nawapiga mawe.

Mwaka huo huo nikaomba kuhamishwa kutoka kwenye mitego. Mratibu akanipa Nyansurura, nyumbani kwangu, niwe mlinzi wa ndege. Kazi ilikuwa kuhesabu viota kwenye migunga mirefu kando ya mito, kuandika kwenye daftari nani yuko kwenye kiota na nani hayuko, na kuzungumza na wafugaji. Nilijifunza kuwatofautisha. Yupo mgongo-mweupe, ambaye ndiye huja kwa wingi. Yupo ngusha, mkubwa kuliko wote, mwenye kichwa chekundu na mdomo wa kupasua ngozi, ambaye wengine humsubiri awafungulie mlango. Nilikuwa na msaidizi mmoja, Rhobi, mjane aliyelima karibu na mpaka wa malisho. Macho yake yalikuwa makali kuliko yangu na hakupenda maneno mengi.

Rhobi ndiye aliyenipigia simu asubuhi ile.

Alisema kwamba nyuma ya kilima, karibu na kijito, kuna mzoga wa maksai, na tumbusi watatu wamelala chini pembeni yake. Hawajafa, alisema, lakini hawaruki. Nikamuuliza kama kuna dalili ya simba. Akasema nyayo zipo. Nikamwomba Salumu, ambaye kwa bahati alikuwa amelala kwetu baada ya kutengeneza geti la shule, anibebe kwa pikipiki yake.

Nilisikia harufu kabla sijauona mzoga. Haikuwa ya kuoza, kwa sababu yule maksai alikuwa hajamaliza siku. Ilikuwa harufu kali, ya kuwasha puani, ambayo mtu wa josho anaifahamu hata usingizini. Mtu alikuwa amepasua nyama akamwaga sumu ya wadudu ndani yake. Alikuwa amemwekea simba. Simba akiua ng'ombe hurudi kumalizia, na mwenye ng'ombe anamsubiri kwa njia hiyo.

Nikampigia Mratibu. Alisema nisiguse kitu kwa mikono mitupu, nizuie mbwa na watu wasifike pale, na kwamba anawaita afisa mifugo na watu wa wanyamapori kutoka Mugumu. Mvua ilikuwa imekata barabara sehemu moja, kwa hiyo wangezunguka. Wangefika baada ya saa nne au tano.

Kisha akasema, "Marwa, mpaka watakapofika, asitue hata mmoja."

Nikatazama juu. Mpaka leo sijui namna ya kuwaeleza watu nilichokiona. Wa kwanza walikuwa kumi hivi, wanazunguka taratibu. Juu yao walikuwepo wengine, na juu ya hao wengine tena, mpaka pale ambapo jicho haliwezi tena kutenganisha ndege na mwanga. Na kutoka kila upande, juu ya vilima, juu ya mto, juu ya paa za shule, walikuwa wanakuja wengine wakiwa wamenyoosha mabawa bila kupiga hata bawa moja. Ile habari ilikuwa imeshasafiri. Kila aliyekuwa anashuka alikuwa anawaambia wengine kuna chakula, na chakula chenyewe kilikuwa kifo. Ndege wa nchi nzima walikuwa wanakuja kufia mahali pale, na sisi tulikuwa watatu.

Tulifunika mzoga kwa turubai la Salumu, lakini lilikuwa dogo, miguu na kichwa vikabaki nje. Rhobi akakata matawi ya miiba akayarundika juu. Mimi nikachukua debe na fimbo nikaanza kupiga na kukimbia. Tumbusi mwenye njaa haogopi sana. Unamfukuza huku, anatua kule, hatua ishirini, anakutazama, anaanza kusogea kwa kuruka-ruka kama mtu aliyefungwa miguu. Tukagawana pande. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa sina sauti kwa kupiga kelele.

Ndipo alipokuja Chacha.

Chacha ni shemeji yangu, amemwoa dada yangu, na boma lake liko ng'ambo ya kijito kile. Alikuja akiwa na fimbo na koti lake refu. Alisimama mbele ya mzoga, na nilipoona uso wake nilijua ni maksai wa nani na sumu ni ya nani.

Akasema, kama tunavyoitana wanaume wa Kikurya, "Mura, toka hapo. Huyo ni maksai wangu."

Nikamwambia najua.

"Basi muacheni alivyo. Simba atarudi."

Nikamweleza kwamba simba hatarudi mchana, lakini mbwa watakuja, na mvua ikinyesha sumu itaingia kwenye kijito ambacho ng'ombe wake mwenyewe wanakunywa. Akasema ningeyasema hayo usiku uliopita, simba alipovunja boma. Maksai yule alikuwa wa kulimia. Aliyebaki hawezi kuvuta jembe peke yake, mvua zimeanza, na shamba halijaguswa. Aliyasema haya bila kupaza sauti, na kila neno lilikuwa kweli. Nilikuwa nimewahi kula chakula kilichotoka kwenye shamba lile.

Akasema, "Mimi sikuwategea ndege. Ndege hawajanikosea."

Wakati anasema hivyo, mmoja akapita kati yetu. Alikuwa ngusha. Sijui alikula saa ngapi, labda alikuwa wa kwanza kufika alfajiri na alikuwa amejificha kwenye nyasi. Alitoka akitembea kama mlevi, mabawa yamefunguka kwa sababu hakuwa tena na nguvu ya kuyakunja, na yalikuwa mapana kuliko urefu wa Chacha, ambaye si mtu mfupi. Akaanguka karibu na miguu yake. Akainua kichwa kile chekundu, akamtazama. Jicho lake lilikuwa jeusi na tulivu. Hakulia, kwa maana tumbusi hana sauti ya kulia. Alimtazama tu Chacha mpaka shingo ikalala.

Chacha akaangusha fimbo yake. Kisha akavua koti. Nilidhani atamfunika yule ndege, lakini alilishika kwa mikono miwili, akakimbia upande ambao hatukuwa na mtu, upande wa kijito, ambako tumbusi mgongo-mweupe zaidi ya ishirini walikuwa wametua na wanasogea. Akalipeperusha koti lile juu ya kichwa chake, na wote wakaruka kwa pamoja. Kishindo cha mabawa yao kilikuwa kama cha bati likibebwa na upepo.

Tulikimbia hivyo, watu wanne, mpaka jua likapita utosini. Hatukula wala kunywa. Idadi ya ndege iliongezeka mpaka kivuli chao kilipita juu yetu mfululizo, na wakati fulani nilisimama kwa uchovu nikatazama tu, nimesahau debe. Walikuwa wanazunguka juu yetu tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likienda taratibu kuliko la chini yake, bila kugongana, bila sauti. Nilikuwa nimeingia kanisani kila Jumapili tangu utotoni, na sikuwahi kuogopa kwa namna ile ya kutaka kupiga magoti.

Chacha alikuja akasimama karibu yangu, anahema. Aliniuliza wanatoka wapi wote hawa. Nikamwambia wengine wametoka ndani ya hifadhi, wengine ng'ambo ya mpaka, Kenya, wengine huenda asubuhi walikuwa Ngorongoro.

Akauliza, "Wamemwona maksai wangu kutoka huko?"

Nikamwambia ndiyo.

Akarudi upande wake na koti lake.

Gari lilifika alasiri. Afisa mifugo alivaa glavu na barakoa, akakubali kwamba ni sumu, akaagiza mzoga uchomwe wote pamoja na udongo wa chini yake. Kuni za pale hazikutosha. Chacha akaenda kwenye boma lake, akang'oa nguzo za uzio ule ambao simba alikuwa ameuvunja, akazibeba begani moja moja mpaka moto ukawa mkubwa. Tulipokuwa tumesimama tukiutazama, afisa wa wanyamapori aliuliza ni nani aliyeweka sumu.

Rhobi alitazama chini. Salumu alitazama moto. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, na naomba mniamini nikisema kwamba mpaka leo sijui nilikuwa naenda kusema nini. Kama ningesema kweli, dada yangu asingenisamehe. Kama ningesema uongo, kazi yote ya Mratibu ingekuwa maigizo.

Chacha akasema, "Ni mimi."

Walimchukua wakaenda naye Mugumu. Jioni ile dada yangu alikuja kwangu, akasimama mlangoni bila kuingia, akaniambia nimemuuza mume wake kwa sababu ya ndege. Nilimwambia alijitaja mwenyewe. Akasema kama nisingekuwepo pale asingekuwa na wa kujitaja mbele yake. Akaondoka.

Katika wale waliokula sumu, wengi walikufa. Tuliwachoma pamoja na maksai. Lakini mmoja kati ya wale watatu wa kwanza wa Rhobi, mgongo-mweupe, alikuwa bado anapumua. Rhobi alikuwa amemweka kivulini tangu asubuhi. Daktari wa wanyama alituelekeza kwa simu tumpe maji yenye dawa ya mkaa, ile inayonyonya sumu tumboni, kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nikamweka kwenye banda langu la ndama. Kwa siku tatu hakusimama. Siku ya nne alisimama, akanitapikia. Nilifurahi kama mtu aliyepewa zawadi.

Chacha aliachiwa kwa onyo kali na masharti mbele ya serikali ya kijiji, kwa sababu alikiri na alisaidia. Mratibu alikuja mwenyewe kutoka Mugumu kumsalimia, akakaa naye, akamsikiliza habari za maksai kuanzia siku alipozaliwa. Hakumhubiria. Jumamosi iliyofuata wanachama watano wenye maksai walikwenda kumlimia shamba, na Salumu akaja na nguzo za chuma na wavu, wakamjengea boma ambalo simba hawezi kuliruka wala kulisukuma. Kwenye orodha ya shughuli za chama, Mratibu aliandika siku ile kama siku ya ulinzi wa ndege. Nilimuuliza kama hakukosea. Akasema yeye hakuwahi kukosea kuandika tangu aanze kazi.

Siku ya kumi na moja nikafungua banda la ndama. Tulikuwa mimi na Rhobi. Sikujua kwamba dada yangu amekuja, mpaka nilipomwona amesimama nje ya uzio na kanga yake imefunika kichwa. Yule ndege alitoka taratibu. Akatembea uwanjani kama mtu mzito aliyevaa koti la mvua. Akaanza kukimbia, miguu inapishana vibaya, mabawa yanagusa vumbi, nikadhani ataanguka kwenye rundo la mabua. Kisha upepo ukamchukua. Ule uzito wote ukaisha. Hakupiga tena bawa. Alipanda akizunguka juu ya nyumba yangu, duara juu ya duara, mpaka tukamtazama kwa kukunja macho, na baadaye hatukumwona.

Dada yangu alikuwa bado anatazama juu. Alisema, "Kumbe ndiye huyu." Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Tarime kwa muda, kwenye tawi letu la Nyamisangura. Katibu wa pale alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu mwenye asili ya pwani ambaye babu yake alikuja Tarime akaoa na kubaki. Huko hakukuwa na simba. Kulikuwa na kilima kimoja chenye msitu mdogo na chemchemi, mahali ambapo wazee wa zamani walifanyia mambo ya mila, na watu walikuwa wameanza kukata miti kwa ajili ya mkaa. Nilitaka kuanza na mikutano ya kukataza. Katibu akanizuia. Alisema mtu wa Tarime ukimkataza kitu umempa kazi ya kukifanya. Tukachukua daftari, tukaenda kwa bibi kizee mmoja aliyekuwa haoni tena, tukambeba kwa kiti mpaka msituni. Aliweka kiganja kwenye kila gome, akataja jina la mti kwa Kikurya, akasema unatibu nini, unajenga nini, na ni ukoo gani uliokatazwa kuukata. Alifanya hivyo kuanzia asubuhi mpaka mchana na hakurudia jina. Niliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Wajukuu wa wale wakataji walikuwa wanatufuata nyuma, na kufika chemchemini walikuwa wao ndio wanaombeba. Msitu ule bado upo.

Nilistaafu kwa sababu ya magoti. Katika kazi ya kujitolea hakuna barua ya kustaafu, kwa hiyo mtu anajistaafisha mwenyewe siku anapoona anawachelewesha wenzake. Vijana huniuliza nilipata nini. Swali hilo ni halali na sikasiriki. Nawaambia nilipata mahali pa kusimama. Kabla ya hapo nilikuwa nimeishi katika nchi hii kama mpangaji, nachota maji, nakata kuni, nafukuza kinachonikera. Nilipoanza kulinda, ndipo nilipoanza kuona, na nilichokiona kilikuwa kikubwa kuliko mimi kwa kiasi ambacho kiliniondolea majivuno mengi. Wapo ndege waliopotea pia. Migunga mingi niliyoihesabu zamani haina viota tena. Silisemi hili ili kuwakatisha tamaa. Nalisema kwa sababu daftari linasema hivyo, na tulifundishwa kutodanganya daftari.

Siku yangu ya mwisho nilitoka na Mratibu wa sasa, binti aliyesomea mambo ya wanyamapori chuoni. Aliniamkia shikamoo, akabeba mkoba wangu bila kuniuliza. Tulikwenda kando ya mto kwenye mgunga mmoja mrefu. Salumu ametutengenezea bomba jepesi linalorefuka, lenye kioo mwishoni, ili kukagua kiota bila kupanda. Binti alilinyanyua, mimi nikatazama kwa darubini kwenye kioo.

Mgongo-mweupe alikuwa amekaa. Aliona kioo, akageuza kichwa, akajitazama. Nilidhani ataruka, na nikamwambia binti ashushe. Lakini yule ndege akasimama polepole, akasogea pembeni hatua moja kama mtu anayempisha mgeni. Chini yake, kwenye majani makavu, kulikuwa na yai. Hutaga moja tu kwa mwaka. Likipotea hilo, mwaka umekwisha. Lilikuwa jeupe, lina madoa machache ya hudhurungi, na lilikuwa limewekwa pale juu, penye upepo na jua, bila kufunikwa na kitu chochote isipokuwa mwili wake. Nikasahau magoti. Akalikagua kwa mdomo uleule wa kupasulia nyama, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwa kiumbe mwingine, kisha akashuka juu yake akafunga mabawa.

Binti aliniuliza aandike nini. Nilitaka kumwambia mambo mengi, lakini daftari lina mistari mifupi.

Nikamwambia, "Andika yai moja. Andika mzazi yupo."